Chupa Niliyompa Mzee Yusufali

Nianze kwa kukiri, maana kwa umri huu sina tena nguvu ya kubeba mizigo ya zamani: halua ya chumvi iliyoliwa kwenye harusi ya Nargis binti Yusufali pale Chumbageni, ile ambayo watu wazima wa Tanga wakikutana msibani bado wanaikumbuka na kucheka kwa kuficha midomo, chanzo chake kilikuwa mimi. Si kwamba niliitia chumvi kwa mkono wangu (jikoni sikukanyaga siku hiyo, nilikuwa nimekaa mkekani mbele kabisa, nimejipaka poda, nasubiri kusifiwa), lakini ukiufuata uzi kutoka mwisho kurudi mwanzo utanikuta mimi, na chupa yangu, na uchovu wangu wa jioni moja.

Nisingelitoa jambo hili kama si Neema, mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo kikuu mambo ya kemia. Juzi kaja kunisalimia, kanikuta najichoma kidole kwa kile kimashine cha kupimia sukari (ndiyo, siku hizi ninayo, tena ya kweli), akaanza kunieleza utafiti wao. Wanatengeneza kijiti cha kupimia kwa oksidi ya shaba, chembe ndogo mno ambazo jicho haliwezi kuziona, wanazipaka kwenye ncha ya kijiti, tone la damu likigusa, sukari iliyomo inashughulika na zile chembe na umeme kidogo unapita, na huo umeme ndio mashine inaugeuza ukawa namba. Uzuri wa vijiti hivyo, anasema, ni vya bei nafuu na haviharibiki upesi kwa joto letu hili.

"Tatizo ni moja tu, shangazi. Shaba haichagui. Ukiweka vitamini C inatoa umeme, ukiweka dawa ya maumivu inatoa umeme, na hata hiyo sukari yenyewe, imetoka wapi shaba haijui. Inadanganyika kirahisi."

Nikacheka mpaka nikakohoa, kisha kicheko kikageuka machozi, mtoto wa watu akaogopa akadhani sukari imepanda. Nikamwambia kaa chini. Hiyo oksidi ya shaba yako mimi naijua tangu baba yako hajaoa, na jinsi inavyodanganyika hakuna chuo cha kunifundisha.

Enzi hizo, kabla ya ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje, nilikuwa msaidizi wa maabara kwenye zahanati ndogo pale mjini. Nasema msaidizi lakini wa kumsaidia hakuwepo, alihamishwa na nafasi yake ikabaki hivyo hivyo, nikawa mimi ndiye msaidizi, mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mfagiaji. Watu wakaniita daktari. Mara ya kwanza nilikataa, mara ya pili nikanyamaza, mara ya tatu nikaitika, na tangu hapo aliyeniita Agnes tu nilimwona hana adabu.

Wanaokumbuka miaka ile hawahitaji kuelezwa, na ambao hawakuwepo hata ukiwaeleza wanadhani unatia chumvi (samahani, hilo neno kwenye kisa hiki litarudi). Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Dawa ya meno hakuna. Sukari unajiandikisha duka la ushirika, unapanga foleni na kitambulisho, unapata kilo moja ikiwa una bahati na jina la mwenye duka unalijua. Mimi chai ya kazini nilikuwa nakunywa kwa asali. Kaka yangu Mhina, huyo huyo baba yake Neema, alikuwa anafanya kazi Handeni, akija mjini ananiletea asali ya porini, naitia kwenye kichupa cha kahawia kilichokuwa cha dawa ya kikohozi, naingia nacho kazini ndani ya mkoba. Mwenzangu, asali ndani ya mkoba wakati ule ilikuwa siri kubwa. Nilikuwa nakoroga chai nimegeukia ukutani.

Na kipimo chetu cha sukari kilikuwa hivi. Mashine ya kidole hatukuwahi hata kuisikia. Tulikuwa na dawa ya buluu iliyotengenezwa kwa mrututu, huo huo mrututu wa kupulizia mimea, ambao ndani yake ni shaba. Unatia dawa kwenye kibomba cha kioo, unadondoshea matone machache ya mkojo wa mgonjwa, unachemsha. Ikibaki buluu, mgonjwa hana sukari. Ikiwa kijani, kuna dalili. Ikiwa ya manjano, mambo si mazuri. Na ikigeuka nyekundu kama tofali, matope mekundu yakatuama chini, basi hiyo ni plasi nne na hakuna ya tano. Yale matope mekundu ndiyo oksidi ya shaba. Neema anaipaka kwenye kijiti kwa darubini, mimi nilikuwa naisugua kwa jivu kwenye vibomba ili kesho vitumike tena.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa jioni, saa kumi imeshapita, maji ya bomba yamekatika tangu asubuhi, mganga wetu wa zahanati kaenda semina ya mwezi mzima, nami miguu imevimba kwa kusimama. Akaingia Mzee Yusufali. Huyu alikuwa Mhindi wa pale pale Chumbageni, kazaliwa pale, babake kazaliwa pale, Kiswahili chake cha Tanga mpaka sisi wa Muheza tulikuwa tunajirekebisha mbele yake, na kazi yake ilikuwa halua. Duka lake dogo la vitambaa lilikuwa limebaki na rafu na buibui tu, lakini halua yake, Mungu amrehemu, watu wa Mombasa walikuwa wanaiagiza. Harusi isiyokuwa na halua ya Yusufali ilihesabika kama kikao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Nimekuja nipimwe. Kichwa kinazunguka, naamka sana kwenda chooni. Mama Nargis kanikalia shingoni, anasema nisipopimwa halali."

(Alikuwa na wiki tatu kabla ya harusi ya bintiye, anasimama juani kutwa kutafuta samli na mchele, anakunywa maji mtungi mzima. Nani asingeamka kwenda chooni? Lakini hilo nalifikiria leo.)

Nikamwomba mkojo. Chupa hana. Nami chupa za zahanati zilikwisha zamani, zilikuwa zinaibwa moja moja kwenda kutengenezewa koroboi. Jambo sahihi lilikuwa kumwambia, mzee, njoo kesho asubuhi na chupa yako safi. Maneno manane hayo. Lakini nikaona kesho nitakuwa na foleni, na mzee wa watu ametembea, na mimi nataka kufunga niende nikakae chini. Nikatia mkono mkobani, nikatoa kichupa changu cha kahawia. Asali ilikuwa imeisha asubuhi ile. Nilikipindua, hakikudondosha kitu. Maji ya kukisuuza hakuna. Nikakipuliza ndani, phuu, nikakifuta mdomo kwa kanga, nikampa.

Jamani, hilo ndilo kosa lote. Mengine yote ni watoto wake.

Akarudi na kichupa. Nikatia matone kwenye dawa, nikachemsha juu ya jiko la mafuta ya taa, na ile buluu haikuchelewa hata kidogo, ikapita kijani kama inakimbizwa, ikapita manjano, ikawa tofali. Nami badala ya kushangaa, nikafurahi! Maana katika mwezi mzima sikuwa nimeona nyekundu nzuri namna ile. Ningepima tena, lakini dawa ilikuwa ya kubania, agizo lilikuwa kipimo kimoja kwa mgonjwa mmoja. Ningemsubiri mganga arudi ndiye atoe majibu, lakini mimi si daktari? Nikatoka nacho barazani, ambako watu kama sita walikuwa bado wamekaa, nikakiinua juu wote wakione.

"Mzee, una sukari. Plasi nne."

Mzee Yusufali akakitazama kile kibomba, akanitazama mimi.

"Sukari? Mwanangu, sukari yenyewe nchi hii iko wapi mpaka iniingie mimi?"

Baraza zima likacheka. Na mimi kuchekwa kazini kwangu sikuwa nakupenda, nikakaza uso, nikamwambia maabara haifanyi masihara, kuanzia leo kitu kitamu asikiguse, asilambe hata ncha ya kidole, akilamba atapofuka au atakatwa mguu. Nilisema hivyo, mbele za watu, kwa mtu mwenye umri wa baba yangu. Kicheko kikakatika. Yeye akasema polepole, "Nami kazi yangu ni kulamba, daktari." Nikamrudishia kichupa, nikamwambia akitunze, baada ya mwezi alete kingine, nikafunga mlango nikaenda zangu.

Kumbe nyumbani kichupa kile kilianza maisha yake. Mama Nargis alikiosha kwa jivu na maji ya moto, akakifunga, akakiweka dirishani mwa bafu. Asubuhi yake, sisimizi. Msafara, kutoka ukutani mpaka kwenye kichupa. Na ninyi mnajua tangu zama za mababu, kabla ya zahanati, kabla ya mrututu, mtu akikojoa na sisimizi wakaja, basi kwisha habari yake. Jirani wakaitwa wakaona. Mtaa mzima ukajua kwamba daktari Agnes kasema, na sisimizi wamethibitisha. Hakuna aliyejiuliza kwamba sisimizi wa Chumbageni nao walikuwa na miezi hawajaonja kitu, kwa hiyo tone la asali lililoganda kwenye nyuzi za kifuniko lilikuwa kwao ndiyo sikukuu.

Mzee akaacha chai tamu, akaacha wali, akaacha tende, na asiyekula anakonda, akakonda. Watu wakasema mnaona, inammaliza. Akaanza kuita wanawe mmoja mmoja, anawaonyesha hati ya nyumba iko wapi. Nami nikipita mtaani, natolewa kiti. "Huyu ndiye aliyemuwahi Yusufali." Mama Nargis akaniletea doti ya kanga, mpya, na harufu yake ya dukani, wakati ambao wanawake tulikuwa tunavaa kanga mpaka maandishi yanafutika. Niliipokea kwa mikono miwili. Ile kanga ndiyo niliyoivaa harusini.

Siku mbili kabla ya harusi akaja kaka Mhina kutoka Handeni. Kaleta asali. Akaniambia, "Lete kile kichupa nikujazie." Nikaenda mkobani, hakipo. Nikaanza kusema, kichupa nimempa mgonjwa, nikakaa kitandani. Kaka ananiuliza una nini, nami natazama dumu la asali miguuni pake. Nilijua pale pale. Sikuhitaji dawa ya buluu kunijulisha.

Mngefanyaje ninyi? Najua, kila mmoja atasema angekimbia usiku huo huo. Mimi nilijiambia kwamba nyumba ya harusi haiendewi na habari za aibu, kwamba labda ana sukari kweli na asali iliongezea tu, kwamba nitamwambia Jumatatu, kwa utulivu. Ukweli ni kwamba kanga nilikuwa nimeshaipiga pindo.

Sasa nieleze habari ya sukari ya harusi, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwa halua ya watu wengi vile, sukari ya foleni isingetosha hata kuchafulia sufuria. Shemeji yake Mzee Yusufali alikuwa akikaa Moa, kule karibu na mpaka, na sukari ya upande wa pili ilikuwa inapita njia za kule kama vile kanga, sabuni na vingine vyote. Na ili ipite, magunia yalikuwa yanatiwa sukari chini, halafu juu yake tabaka la chumvi, maana Moa chumvi ni ya kwao, mgambo akifungua gunia anatia mkono, anaonja, chumvi, pita. Kwa hiyo fundi wa halua wa miaka ile alikuwa na kazi ya ziada: anachota kibaba kutoka juu, anaonja, chumvi, anaweka pembeni, anachota tena, anaonja, mpaka ulimi umwambie hapa ndipo sukari inapoanza. Na pale katikati zinapochanganyika ndipo penye ufundi. Mzee Yusufali alikuwa na ulimi ambao kibaba kimoja tu kikiwa na punje za chumvi anakikataa.

Lakini ulimi ule mimi nilikuwa nimeupiga marufuku.

Basi siku hiyo akasimama mbele ya sufuria, mtu mtiifu kwa amri, mikono nyuma, akamwambia msaidizi wake Athumani, mtu mzima, mkorogaji wa miaka mingi, wewe ndiye utaonja. Athumani ni mtu mzuri sana lakini alikuwa mla ugoro. Tangu alfajiri mdomo wake umejaa ugoro, ulimi umekufa ganzi, ungempa jivu angesema limekolea. Akaonja kibaba cha kwanza, "Tamu." Cha pili, "Tamu." Magunia yakamiminwa. Ikakorogwa saa nzima na nusu kwa samli na iliki na zafarani iliyofichwa tangu mwaka juzi, mtaa mzima unanukia, watu wanameza mate barabarani. Mwishoni Athumani akaonja tena, akasema, "Mzee, leo umevunja rekodi."

Alasiri wageni wakafika. Upande wa bwana harusi walikuwa wametoka Pangani, wanawake wamejaa ukumbini, mimi mbele, pembeni yangu shangazi wa bwana harusi, mwanamke mkubwa, pete kila kidole. Mama Nargis akanitambulisha kwake, "Huyu ndiye daktari wetu, kama si yeye leo ningekuwa mjane." Nikainama kidogo kwa unyenyekevu (unyenyekevu gani!). Zikaja sinia za halua, zinang'aa, na kahawa. Kwa heshima wakaanza kumpa shangazi. Akasema Bismillahi, akatia tonge kubwa, tonge la mtu ambaye hajaiona halua mwaka mzima.

Nilimwona uso wake unavyosimama. Hakutema, alikuwa mtu wa adabu, alimeza, macho yakamtoka maji, akashika kahawa akainywa yote ya moto. Wakati huo nyuma yetu wengine hawakuwa na adabu kama yake, nikasikia ptuu, ptuu, mpaka kwenye kona. Mimi nikaonja kidogo kwa ncha ya ulimi. Chumvi. Chumvi ya kuhifadhia samaki.

"Tumetoka Pangani asubuhi," shangazi akasema, sauti yake haikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya, "kuja kulishwa maji ya bahari? Hayo si kwetu yapo? Kama binti hamtaki tumwoe, mngesema."

Ukumbi ukawa soko. Mmoja anasema halua ya chumvi ni mkosi, ndoa ya machozi. Mwingine anasema ni dharau iliyopangwa. Upande wa Pangani wanaanza kutafuta viatu. Nargis mwenyewe chumba cha ndani, hina haijakauka, kaanza kulia. Mzee Yusufali akaitwa, akasimama nje ya pazia la mlangoni, kakonda vile, kofia mkononi.

"Sikuonja," akasema. "Wallahi kama ningeonja isingefika kwenu. Nilikatazwa na daktari. Nina sukari."

Na ukumbi mzima, wenyeji na wageni, ukageuka kunitazama mimi na kanga yangu mpya.

Hapo Mama Nargis akaniangalia kwa muda, kama mtu anayejumlisha kitu. Akaingia ndani, akarudi na kile kichupa cha kahawia. Sisimizi bado walikuwepo kwenye kifuniko.

"Mwanangu," akasema, "chupa hii nimeiosha kwa jivu, nimeichemsha, mume wangu tangu siku ile hajaitumia tena, na sisimizi hawajaisha. Tena hawaingii ndani. Wako kwenye kifuniko. Na kifuniko hakikojolewi. Kabla hujampa ilikuwa ya nini?"

"Ya dawa ya kikohozi," nikajibu. Na hata huo haukuwa uongo, ndugu zangu, ndiyo maana nilijichukia.

Hakubishana. Akafungua kifuniko, akatia ukucha kwenye nyuzi zake, akatoa kipande kidogo cha nta, akakinusa, akampa shangazi wa bwana harusi anuse. Yule mama akanusa, akasema tu, "Asali ya nyuki."

Ningeweza kusema sikujua. Watu wangekubali, kichupa kilikuwa cha kahawia, nani angeona ndani? Na nilikuwa nimeshafungua mdomo kulisema hilo. Lakini Mzee Yusufali akafunua pazia, akaingia mpaka katikati ya wanawake, jambo ambalo hajawahi kulifanya maisha yake, hakuwa na hasira hata chembe, alikuwa na uso wa mtu anayeogopa kutumaini, akaniuliza mimi peke yangu kama vile watu wengine hawapo:

"Kwa hiyo mimi sina?"

Wiki tatu alikuwa anajiandaa kufa. Mimi nilikuwa napiga pindo kanga.

Nikasimama. Nilisema kwa sauti ya juu kwa sababu ya chini ilikataa kutoka: "Chupa ilikuwa yangu, nilikuwa natilia asali ya chai, sikuiosha. Na nimejua tangu juzi, mzee. Nilinyamaza. Kosa si lako, wala la Athumani. Ni langu."

Mzee Yusufali akakaa chini pale pale kwenye mkeka wa wanawake, akavuta sinia, akamega tonge la ile halua, akala. Akatafuna taratibu, amefumba macho, machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu, akameza, akasema, "Ina vibaba viwili vya chumvi. Na kimoja nusu kwa nusu." Ulimi ulikuwa mzima! Shangazi wa Pangani ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka pete zikalia, akasema mtu anayeweza kuihesabu chumvi akiwa analia ukoo wake haukataliwi, rudisheni viatu. Wakarudi. Harusi ikaendelea kwa kahawa tupu na maandazi ya jirani.

Jumatatu tulipima tena. Chupa niliiosha barazani, mbele ya nusu ya mtaa, mara tatu, watu wanahesabu. Dawa ikachemka, ikachemka, ikabaki buluu kama mbingu ya kaskazi, wakapiga vigelegele. Mganga aliporudi semina nilipata barua, nitaishia hapo. Doti ya kanga niliirudisha, Mama Nargis akaikataa, akasema vaa, ukumbuke. Na kichupa nililetewa kazini siku chache baadaye, maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Kilikuwa kimejaa chumvi mpaka shingoni. Tangu hapo hakuna aliyeniita daktari.

Adhabu yenyewe ilikuwa nyingine. Kila Mzee Yusufali alipopika halua ya harusi, alituma mtu aniite popote nilipo. Nasimama mbele ya sufuria, wapishi wamenizunguka wanajiumauma midomo wasicheke, ananinyooshea kijiko. "Binti, onja." Naonja. "Ina nini?" "Sukari, mzee." "Una hakika?" "Nina hakika." Ndipo naye anaonja. Miaka. Ruksa ikaja, sukari ikajaa madukani, magunia hayana tena chumvi juu, bado naitwa. Nilichoka, nilijificha, nilijisingizia ugonjwa. Kisha mwaka mmoja akaninyooshea kijiko, nikaonja, nikasema tamu, na nikangoja naye aonje, hakuonja. Akasema kwa sauti ndogo ili wapishi wasisikie, "Umri umeuchukua ulimi wangu, binti. Sasa nakutegemea." Tangu siku hiyo mpaka alipofariki sikukosa sufuria hata moja, na kabla ya kwenda nilikuwa napiga mswaki mara mbili.

Basi Neema akanisikiliza mpaka mwisho, hakucheka sana kama nilivyodhani. Akafungua begi lake, akatoa kikopo chenye vile vijiti vyao vya oksidi ya shaba, akasema, "Shangazi, nipe kidole tujaribu na chetu."

Nikamwambia ngoja. Nikaenda kunawa mikono, nikanawa tena, nikajifuta kwa kanga safi. Nikarudi, nikachukua kile kikopo chake, nikafungua kifuniko, nikanusa.

"Kinanuka nini?" akaniuliza.

"Plastiki tu," nikamwambia. "Choma."